Marafa, Gede au ufuoni? Upige picha wapi kaskazi ikikolea Malindi

Swali ninaloulizwa sana kuanzia Januari hadi masika yaanze ni la pahali pa kupigia picha: korongo la Marafa, magofu ya Gede, au ufuoni? Anayeuliza huwa ameshaona picha za sehemu zote tatu kwenye simu yake, zote zinapendeza, na hakuna hata moja iliyomwambia ilipigwa saa ngapi. Kaskazi, upepo wa msimu wa joto, ikikolea, saa ndiyo inayoamua. Na joto lenyewe si moja. La Marafa ni kavu, linatoka juu na chini. La Gede ni la unyevu. La ufuoni lina chumvi na mng'ao. Kila moja lina kifaa linachokiumiza na lina saa linapokuachilia.

Ninapolinganisha hapa nawafikiria watu watatu: maharusi wanaotaka picha za nje, kijana aliyenunua kamera yake ya kwanza na ameanza kupata wateja, na familia yenye simu tu. Majibu yao hayafanani.

Jua la huku

Malindi iko digrii tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Kufikia tarehe 12 Machi hivi, jua la mchana hupita utosini kabisa, na hurudia mwanzoni mwa Oktoba. Mlingoti uliosimama wima siku hizo hauna kivuli. Wala si saa sita kamili kama wengi wanavyodhani. Saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya 45, ambayo iko mashariki yetu, upande wa Mogadishu, kwa hiyo Februari na Machi jua hufika juu kabisa yapata saa sita na nusu. Mpige mtu picha saa hiyo uone: paji la uso linang'aa, macho yanazama gizani, na pua inaangusha kivuli juu ya mdomo.

Jambo la pili ni kasi. Jua la huku halipandi mshazari, linapanda wima, digrii 15 kila saa. Likichomoza saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, saa tatu na nusu limeshafika nusu ya njia kuelekea utosini. Ule mwanga laini wa dhahabu unaosifiwa kwenye video za mafunzo kutoka nchi za baridi, ambao kwao hujivuta hata zaidi ya saa nzima, huku ni dakika arobaini ukibahatika. Ukichelewa kwa sababu bi harusi bado anasukwa, umekwisha.

Huhitaji programu ya simu kujua jua liko wapi. Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua limepita digrii 45 na nyuso zitaanza kuharibika. Kikilingana nawe au kikikuzidi, endelea na kazi. Waislamu wana kipimo hiki masikioni tayari, kwa sababu kwa madhehebu ya Shafi wakati wa alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiondoa kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri, na Machi huku kivuli hicho karibu hakipo. Kwa hiyo adhana ya alasiri ikisikika, jua limeshuka hadi digrii 45. Kazi zangu za jioni nazipanga hivyo: watu waswali, wanywe chai, ndipo tukutane. Sijaona haja ya kuanza kabla ya hapo.

Kuhusu joto, mchana wa Februari na Machi huwa nyuzi 32 au 33 kivulini, na usiku hazishuki sana chini ya 25. Sasa linganisha na vifaa. Apple wanasema iPhone itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Kamera nyingi za Canon, Nikon na Sony zimewekewa mpaka wa 40. Simu basi ina nafasi ya nyuzi mbili tatu hata kabla jua halijaipiga yenyewe, na simu nyeusi iliyoshikwa juani haijui habari za kivulini.

Marafa

Picha kali kuliko zote ziko Marafa. Nalisema mapema nisije nikaonekana napachukia. Korongo la Nyari, ambalo matangazo ya utalii huliita Hell's Kitchen, ni udongo wa mchangamchanga uliochongwa na mvua ukabaki minara na kuta zenye matabaka ya rangi: nyeupe, waridi, chungwa, nyekundu ya kutu. Liko Magarini, kilomita thelathini na ushei kutoka mjini, ukishavuka daraja la Sabaki. Wenyeji ndio wanaolisimamia na ndio wanaotembeza wageni, na kila mmoja wao atakusimulia habari ya familia tajiri iliyooga maziwa badala ya kuyanywa hadi Mungu akaizamisha ardhini.

Shida ya Marafa ni kwamba wageni wengi hufika saa tano au saa sita, kwa sababu wametoka hotelini baada ya kiamshakinywa na dereva anataka kuwarudisha mapema. Saa hiyo kule chini hakuna upepo. Kuta zinauzuia, mchanga unarudisha joto usoni, na mtu anapikwa kutoka kila upande. Na ukivumilia yote hayo, picha haikulipi. Jua la utosini linafuta matabaka: sehemu nyeupe za juu zinaungua kabisa, minara inapoteza mbavu zake kwa kukosa vivuli, na ile nyekundu uliyoifuata inageuka rangi ya biskuti.

Mgonjwa wa kwanza ni simu. Dalili zake huja kwa mpangilio. Skrini inafifia yenyewe hata ukiipandisha mwanga hadi mwisho. Halafu fleshi inagoma. Halafu video inakatika katikati. Mwisho unatokea ujumbe kwamba simu inahitaji kupoa, na hapo hata picha moja hupati. Kinachoharakisha si jua peke yake. Mtandao ukiwa hafifu simu inautafuta kwa nguvu na kujichemsha, video ya ubora wa juu ya 4K inaichemsha, na kava nene la mpira linaifungia joto ndani. Kwa hiyo kabla ya kushuka, weka hali ya ndege, vua kava, punguza video hadi kiwango cha kawaida, na simu ikae kwenye mkoba mweupe au ndani ya leso, isikae mfukoni mwa jinzi. Pawabanki usiiunganishe kabisa: kuchaji kunaongeza joto, na betri za lithiamu zikishapata joto simu yenyewe huzuia chaji. Wapo wanaoiweka simu iliyochemka juu ya chupa ya maji ya barafu. Itapoa, lakini itatoa jasho ndani ya lenzi, na jasho hilo halifutiki kwa kitambaa.

Kamera inastahimili zaidi, mradi unapiga picha za kawaida. Video ndiyo inayoichosha. Kamera ya Canon EOS R5 ilipotoka mwaka 2020, Canon wenyewe walitaja dakika 20 za video ya 8K kwenye hewa ya nyuzi 23. Kamera zimeboreshwa tangu hapo, lakini fikiria: nyuzi 23 Malindi hatuzioni hata usiku wa manane mwezi wa Machi. Anayetaka filamu ya harusi Marafa apige vipande vifupi, azime kamera kati ya kipande na kipande, na afungue skrini iliyo nyuma isigusane na mwili wa kamera ili joto lipate pa kutokea. Joto pia huleta chengachenga kwenye sehemu za giza, kwa sababu umeme mdogo unaovuja ndani ya kihisio cha picha huongezeka maradufu kwa kila nyuzi sita hadi nane hivi. Kwenye picha ya jua kali huioni. Kwenye picha ya machweo, baada ya kamera kupikwa alasiri nzima, utaiona.

Kuna kosa jingine ambalo watu hulibebesha lenzi bure. Unasimama ukingoni, unavuta lenzi ndefu ya milimita 200 kuelekea mnara wa upande wa pili, unapiga, na picha haikazi. Unapiga tena kwa kasi kubwa zaidi, bado. Hewa ya chini ni ya moto kuliko ya juu, mwanga unapinda ukipita humo, na picha inachezacheza kabla haijaifikia kamera. Hakuna mpangilio wa kamera unaoponya hilo. Dawa ni kusogea karibu na kutumia lenzi fupi, au kungoja ardhi ipoe. Kwa sababu hiyo lenzi ndefu Marafa siibebi. Ninachukua moja ya 24 hadi 70 na siibadilishi kule chini hata iweje, maana vumbi lile ni laini kama poda na likishaingia ndani ya kamera utalikuta kwenye kila picha ya mwezi ule.

Ukifika baada ya alasiri mambo yanageuka. Kuanzia saa kumi na moja mwanga unaanza kuingia kwa ubavu, kila mfereji wa ukuta unapata kivuli chake, na nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi zile kuta huwaka. Kuta bado zina moto ukizigusa, lakini hewa ya juu imeshapoa. Kushuka kunachosha, na maharusi huja na nguo zao kamili. Nilimsikia mzee mmoja anayetembeza wageni akimzuia kijana pale juu: "Bwana harusi, hilo koti lipe mkono. Ulivae tukishafika chini, ama utafika umelowa na picha zitasema." Kijana akalivua, shati tayari lilikuwa limeshikana na mgongo, na mzee akampitisha kando ya ukuta wenye kivuli, njia ndefu kidogo, hadi alipofika na uso mkavu. Sikiliza wazee hawa. Wanajua ukuta gani una kivuli saa gani kuliko programu yoyote.

Droni ni ya kutamanisha Marafa, kwa sababu korongo likionekana kutoka juu ndipo unaelewa umbo lake. Lakini zile ndogo za DJI zina mpaka wa nyuzi 40, na kuirusha kutoka kwenye mchanga uliochomeka ni kuianzisha ikiwa mgonjwa tayari. Irushe kutoka juu, pembeni ya mti, jua likiwa limelala. Na Kenya droni husajiliwa na hupewa ruhusa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, kwa kanuni za mwaka 2020. Juu ya hayo, waombe wenyeji. Ni kwao.

Usafiri uupange kabla. Ukikaa hadi magharibi, gari la abiria la kurudi si la kutegemea, kwa hiyo hesabu gari la kukodi la kwenda na kurudi. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya Marafa, kuliko kiingilio.

Ufuoni

Ufuo wetu unatazama mashariki. Jua linatoka baharini na linazama nyuma ya mji. Watu wengi wanaotoka bara wana picha ya machweo ya bahari kichwani, na kila mwaka kuna wanaosimama ufuo wa Silversands saa kumi na mbili jioni wakingoja jua litumbukie majini. Halitatumbukia. Ukitaka jua na bahari kwenye picha moja, amka.

Na asubuhi ndiyo saa ya ufuo kaskazi. Kutoka kuchomoza hadi kama saa mbili, hewa ni nyuzi 26 au 27, mwanga unampiga mtu kwa ubavu, upepo bado haujapata nguvu, na kamera haina la kulalamika. Karibu na nguzo ya Vasco da Gama, ile ya jiwe yenye msalaba, miamba ya ncha ile hupata mwanga wa moja kwa moja. Mreno huyo alitia nanga hapa mwaka 1498, na hadi leo pahali pake panapigwa picha kuliko pengine popote mjini.

Baada ya saa mbili na nusu, ufuo una hila moja ambayo Marafa haina: mchanga mweupe unarudisha mwanga juu. Unaingia chini ya nyusi na kulainisha vivuli vya macho, kwa hiyo ufuoni unaweza kupiga nyuso saa tatu, hata tatu na nusu. Mgeuze mtu alipe jua mgongo, pima mwanga usoni mwake, na kubali bahari ya nyuma iwe nyeupe kidogo. Kanzu na buibui zinadanganya kamera kwa namna mbili tofauti. Kanzu nyingi zikijaa kwenye fremu, kamera hudhani kuna mwanga mno na kuzitia kijivu pamoja na nyuso. Buibui jeusi likijaa, kamera huongeza mwanga hadi ngozi inapauka. Kupima usoni kunamaliza mabishano yote mawili.

Mwanga ni mwingi kuliko watu wanavyofikiri. Kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na tundu la lenzi la f/2.8, mchana wa jua utahitaji kasi ya sekunde 1/3200, na juu ya mchanga mweupe hata zaidi. Kwa picha si tatizo. Kwa video inayotaka kasi ya 1/50 ni tatizo kubwa, na bila filta nyeusi ya ND64 au inayokaribia hapo utalazimika kufunga tundu hadi mwisho, na kila chembe ya vumbi kwenye kihisio itaonekana angani. Filta ya kupunguza mng'ao wa maji nayo inasaidia, lakini si kila upande: ukitazama maji kwa mlalo wa digrii 37 hivi kutoka usawa wa maji ndipo inafuta mng'ao vizuri na kukuonyesha miamba ya chini.

Adui wa ufuo ni chumvi. Kaskazi inavuma kutoka baharini, na alasiri ikipata nguvu inabeba unyunyu usiouona. Dakika ishirini, na lenzi ina utando. Usiufute mkavu, chumvi ni chembechembe na zitachora kioo. Kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi kwanza, kisha kikavu. Ukirudi nyumbani futa na mwili wa kamera, hasa kwenye vifungo na pale betri inapoingia. Simu zina nafuu hapa kwa kuwa nyingi zimezibwa, lakini kwenye tundu la chaji usiingize waya mpaka pakauke.

Rangi ya maji ni bahati nasibu. Mto Sabaki unamwaga udongo wake kaskazini mwa mji, na wakati wa kaskazi mkondo huusukuma kuja kusini, ndani ya ghuba yetu. Bara kukinyesha sana Novemba na Desemba, maji ya Malindi huwa kahawia, na mteja aliyetaka bahari ya buluu hana wa kumlaumu. Februari na Machi huwa afadhali. Hofu ikizidi, nenda Watamu, ambako udongo wa Sabaki haufiki kwa wingi huo.

Halafu kuna maji kujaa na kutoka, jambo ambalo wapiga picha wa kutoka Nairobi hulisahau kabisa. Kwenye bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku maji hujaa yapata saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hutoka saa nne tano. Asubuhi yake ni tamu: jua likichomoza maji yanarudi nyuma na kuacha mchanga umelowa, unaakisi anga yote. Alasiri yake ni mtihani. Idi ya Mfungo Mosi siku zote huangukia mwezi mwandamo, kwa hiyo siku zote huangukia bamvua. Familia nzima zinatoka alasiri na nguo mpya kwenda ufuoni, na maji yanakuja kuwapokea. Nafasi ya kusimama inabaki ukanda mwembamba, viatu vinalowa, na nyuma ya kila picha kuna familia nyingine tano. Anayetaka picha za Idi ufuoni apige asubuhi baada ya swala, mara moja, kabla ya kwenda kula kwa bibi.

Gede

Gede ni kimbilio la mchana. Kati ya saa nne na saa tisa, Marafa ikiwa haifai na ufuo ukichoma macho, bado unaweza kufanya kazi kule ndani ya miti. Magofu yako kama kilomita 16 kusini mwa Malindi, kituo cha Gede, kisha mwendo mfupi kwa boda au kwa miguu. Mji uliishi kwa karne kadhaa hadi ya 17, James Kirkman akaufukua kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Unasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na una saa zake za kufungua na kufunga, basi mwanga wa alfajiri usahau. Kwa kazi ya kulipwa, hasa yenye stendi, fleshi na maharusi, uliza ruhusa ofisini kwanza. Mlango wa simu ya familia na mlango wa kazi ya biashara si mmoja.

Kivuli cha Gede hakiko sawasawa. Chini ya majani mwanga huja kwa madoadoa, na doa la jua likikaa kwenye shavu la mtu hakuna programu itakayolitoa vizuri. Usimweke mtu chini ya mti. Mweke ndani ya mlango wa kasri au msikiti mkuu, au kando ya ukuta mrefu ambapo kivuli ni kimoja na anga iko mbele yake. Kuta za matumbawe ni za rangi hafifu, zinarudisha mwanga laini. Tatizo la pili ni kijani. Majani yanatia ngozi rangi ya homa, na kamera ikiachwa ijiamulie itaikosea. Karatasi nyeupe ya kupangia rangi inatosha.

Kwa picha za majengo yenyewe, jua la utosini ambalo ni laana kwa uso ni neema kwa ukuta. Linateremka sambamba na mawe na kuinua kila mkwaruzo. Palipo na uwazi wa kuruhusu jua, michoro na kingo za milango husomeka saa sita kuliko saa tatu. Lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399, na maandishi ya namna hiyo ndiyo yanayofaidi mwanga wa kuteremka.

Kinachokosana na Gede ni vioo. Hewa yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa jasho juu ya kitu chochote chenye nyuzi 26 kushuka chini. Chumba chako cha hoteli kina kiyoyozi cha 20. Gari nalo. Unafungua begi pale langoni, lenzi inageuka maziwa, na ukiifuta inarudi. Itakula dakika ishirini, pengine nusu saa. Zima kiyoyozi cha gari kabla hujafika, fungua madirisha, begi likiwa limefungwa, vifaa vipate joto polepole. Lakini kuzima kiyoyozi si ruhusa ya kuviacha vifaa ndani ya gari lililoegeshwa juani: humo joto hupita nyuzi 50, na betri hazisahau.

Unyevu huo huo ndio unaopanda ukungu ndani ya lenzi za watu wa Pwani. Ukimaliza kazi, usiweke kamera moja kwa moja kwenye begi na kulisahau kabatini hadi harusi ijayo. Sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kukaza na vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu, ni ulinzi wa bei ya chini.

Mbu wapo. Kima wapo pia, na wanapenda mikoba iliyo wazi.

Nani aende wapi

Mwenye simu tu na watoto: ufuoni asubuhi, na kama mmeamka mmechelewa, Gede. Marafa na watoto Februari mwachie mwingine.

Maharusi wenye siku moja na pesa ya gari: Gede baada ya chakula cha mchana kwa picha za utulivu, kisha Marafa mfike saa kumi na moja kasoro. Ni mwendo, kwa sababu Gede iko kusini na Marafa kaskazini ya mji, lakini mtakuwa barabarani wakati mwanga haufai pahali popote. Mpambaji aje na karatasi za kupangusia, poda ya akiba, na maji ya kutosha, chupa kwa kila mtu na nyingine ya gari. Mtu akianza kuumwa kichwa, kichefuchefu, au akiacha kutoa jasho, kazi imekwisha. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, na mtafute hospitali bila kungoja machweo.

Kijana wa kamera ya kwanza: ufuo ni bure na unakusamehe, kajifunze huko alfajiri. Anayepiga video za mauzo, anza Gede, kwa sababu hapo kamera haitakuzimikia mbele ya mteja.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kwenye kilele chenyewe. Kazi ya Marafa nikiwa nimefunga siichukui, na wateja nawaeleza waziwazi. Wakishikilia, nawapa chaguo mbili: ufuoni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, daku ikiwa bado tumboni, au waahirishe hadi wiki ya pili baada ya Idi, kama mvua za masika hazijaingia. Zikiingia, njia ya kushuka korongoni inateleza.